Neno la Siri la Ornella

Kila siku baada ya masomo, Ornella alipitia soko la Nyawera kumsaidia mama yake kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alhamisi moja hakufika mezani kwa mama. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la Maman Domitille, anayechapa maandishi ya watu kwa kompyuta. Alifuatana na Chrispin, mwanafunzi mwenzake.

Hapo ndipo walipoandika mchezo wa kuigiza wa darasa kuhusu kipindupindu: Chrispin mazungumzo, Ornella mashairi. Mkurugenzi wa shule alitaka mchezo huo umfikie kabla ya jioni, ukiwa umechapwa. Kama usingefika, darasa lingine lingecheza siku ya sikukuu ya shule.

Mchezo ulikuwamo ndani ya kompyuta, ila Ornella mwenyewe alikuwa ameufunga kwa neno la siri. Aliandika jina la mama yake. Kompyuta ikakataa. Akaandika jina la parokia, kisha la mbuzi wa bibi yake kule Kalehe. Ikakataa.

"Umesahau," alisema Maman Domitille.

"Sijasahau, maman. Mashine iko na kichwa ngumu."

"Mashine haina kichwa, mutoto wangu. Mwenye kichwa ni wewe."

Ornella akamgeukia Chrispin. "Basi ni huyu. Amelibadilisha."

"Miye? Nililionea wapi? Ulifunika kibodi kama kuku anayelalia mayai."

Wateja wakacheka. Ornella hakuinamisha macho. "Maman, ivunje hiyo kufuli."

"Hapa sivunji kufuli ya mtu. Nikivunja yako leo, nani ataniachia maandishi yake kesho? Kumbuka mwenyewe. Siku ile ulipofunga, ulikuwa na roho gani?"

Ornella akairudia siku ile kichwani. Siku ile Chrispin alisema mstari mmoja wa shairi la Ornella unachechemea kama lori kwenye barabara mbovu ya Kamituga. Moyo ulimwaka, na vidole vikaandika kile kilichokuwa moyoni. Sasa neno lilimrudia. Aliliandika midomo ikiwa imebanwa, na mchezo ukafunguka.

"Sasa nilibadilisha nini?" aliuliza Chrispin. "Lilikuwa neno gani?"

Angeweza kutaja jina la mtakatifu yeyote, nani angejua? Lakini Chrispin angebaki na doa mbele ya watu wote wale. Ornella akainua kidevu.

"'Chrispin ni punda.' Niliandika kwa hasira. Hasira ilipokwisha, neno nalo likaenda. Mashine haikukosa, na wewe hukukosa. Nilikusingizia. Nisamehe. Lakini mstari wangu hauchechemei."

Wa kwanza kucheka alikuwa Chrispin. "Punda huyu amebeba nusu ya mchezo wako. Haya, usome huo mstari."

Ornella akasoma, akihesabu silabi kwa vidole: "Maji hata yang'arapo, usiyanywe bila moto."

Chrispin naye akahesabu, akarudia tena kuhesabu. Nane, nane. "Sawa," alisema. "Mstari unatembea."

Maman Domitille akawapa karatasi zikiwa bado na joto la mashine.

"Ornella, jivunie kazi yako, sikukatazi. Lakini kosa lako usimtwishe mwenzako. Umelikubali kichwa kikiwa juu, na huo ndio ujasiri. Tena kazi ya watu wawili haifungwi na mmoja. Kaeni hapa mchague neno jipya, na safari hii lisiwe tusi."