Sauti Katika Feni ya Hita

Feni ilianza kuzunguka wakati betri imeshatolewa na iko chini.

Kipriani alibaki amepiga magoti upande wa abiria, kichwa chini ya dashibodi, bisibisi mkononi. Alikuwa fundi umeme wa magari hapo Nachingwea kwa miaka kumi na tisa, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, na hakuwahi kuona mota ikizunguka bila umeme. Alitoa kichwa akachungulia nje. Betri ilikuwa palepale juu ya gunia, mbali na gari, haijaunganishwa na waya wowote.

Gari lilikuwa la zamani, jeupe, limeletwa asubuhi ile na Mwamina, mwalimu wa shule ya msingi. Maneno yake yalikuwa machache. "Feni ya hita, fundi. Mara inafanya kazi, mara inagoma. Sitaki uitengeneze. Nataka uiue kabisa."

Kipriani alicheka kidogo. Hakuna mteja aliyewahi kumwomba kitu cha namna hiyo. Akaamua aitafute kwanza shida yenyewe. Fyuzi ilikuwa nzima. Rilei, ile swichi ndogo ya umeme, ilitoa mlio wake vizuri. Taa ya kupimia ilionyesha umeme unafika. Soketi ya nyuma ya feni ilikuwa imeungua upande mmoja, na kaboni za mota zilikuwa zimelika mpaka zinagusa leo, kesho hazigusi. Ukiigonga inazunguka, ukiiacha inakufa. Ni ugonjwa wa kawaida kwa gari la umri ule. Alibadilisha kaboni, akaweka soketi nyingine, akaijaribu, ikavuma spidi zote nne. Ndipo akatoa betri ili asugue kutu kwenye tamino, vile vichwa vyake vya kuungia waya.

Sasa feni ilikuwa inazunguka taratibu, na hewa iliyotoka kwenye matundu ya dashibodi ilikuwa ya vuguvugu, ingawa injini ilikuwa imepoa tangu saa tatu. Ilinukia mafuta ya nazi na dawa tamu ya kikohozi. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo mbichi, kama wa kisima kilichofunguliwa baada ya muda mrefu.

Kisha sauti ndogo, karibu sana na sikio lake, ikasema, "Baba, tumefika?"

Kipriani alitoka mle ndani kinyumenyume, akagonga kisogo kwenye mlango, akafanya ishara ya msalaba bila kujua. Mwamina alikuwa ameketi kwenye benchi, anasahihisha madaftari. Aliinua macho.

"Umeisikia," alisema. Hakuuliza.

"Mama, ni nani huyo?"

Mwamina alifunika kalamu yake kwanza. "Ni sauti ya mwanangu, Asmaa. Alifariki mwezi wa tatu. Alikuwa na miaka sita."

Alimweleza kwa sauti ya chini, huku akiangalia barabarani. Asmaa alikuwa amekwenda na baba yake kwenye msiba Ruangwa, akaanza homa na kifua kikambana. Mwamina alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya mitihani. Baba mtu akapiga simu usiku kwamba anamrudisha mtoto Nachingwea alfajiri, mvua ikinyesha, barabara tope tupu. Mtoto alifika amekwishafariki. Tangu wamzike, baba yake hakuwa mtu tena. Kila siku baada ya swala ya alasiri aliingia kwenye gari, akapandisha vioo, akakaa humo akiongea na feni mpaka adhana ya magharibi. Chakula hali. Shati lake la Idi sasa linamwelea kama limeanikwa kwenye mti.

"Hajui kama nimelileta," alisema Mwamina.

Lakini alikwishajua. Bodaboda ilisimama kwa kishindo mbele ya kibanda, na mumewe, Abubakary, akashuka kabla haijatulia, mwanaume mrefu aliyekonda, kola imejaa jasho.

"Fundi, usiiguse! Nakuomba. Chukua gari lote ukitaka, lakini hiyo feni usiiguse."

"Baba Asmaa," Mwamina alisema.

"Unataka kumuua mara ya pili?"

Mwamina alikusanya madaftari yake, moja likaanguka, na Kipriani akaliokota ili apate kitu cha kufanya. Halafu Abubakary akakaa chini, kwenye mchanga wenye mafuta machafu, mbele ya watu wanaopita, akafunika uso.

"Alikuwa anasikia baridi," alisema. "Nikawasha hita. Feni ikawa inazunguka, inakata, inazunguka, inakata. Tulipofika kwenye lile bonde la kijito nikasimama. Nikasema nitaitengeneza, apate joto, halafu tuendelee. Nikafungua hapo chini, nikagonga, nikachezea waya. Nusu saa, fundi. Nusu saa nzima niligonga feni, mwanangu yuko nyuma yangu. Ilipovuma nikageuka kumwambia, na alikuwa ameshaondoka. Kama ningeendesha tu..."

Kipriani alikuwa na watoto wanne. Aligeukia ukuta wa mabati mpaka macho yake yakakauka. Kisha akawaambia habari za Mwanaima wa Ruangwa, mshonaji, aliyemtoa jini Winfrida, dada yake Kipriani mwenyewe, mwaka juzi, wakati hospitali na padre wote walikwishashindwa. Abubakary alikataa. Mwamina alimshika mkono, akasema maneno ambayo Kipriani hakuyasikia, na baada ya muda mrefu mwanaume yule akatikisa kichwa kukubali.

"Ila na wewe twende, fundi. Nisibaki nayo peke yangu."

Waliondoka kesho yake asubuhi, ukungu wa mwezi wa sita ukiwa bado umelala kwenye mikorosho. Kabla ya safari Kipriani aliichomoa soketi ya feni, akaifunga kwa utepe mweusi, akaiacha ining'inie waziwazi ili kila mmoja aione. Abubakary aliendesha. Mwamina alikaa mbele, Kipriani nyuma.

Walipoanza kuteremka bondeni, kwenye kijito, ukungu ulizidi na kioo cha mbele kikafunikwa na mvuke, na Mwamina alipoinua upande wa kanga kukifuta, waya zile zilizofungwa zikaanza kutikisika zenyewe kama kitu kimezigusa kwa kidole, kisha feni ikavuma, kwanza polepole halafu kwa nguvu, ikapuliza hewa ya moto usoni mwao yenye harufu ya nazi na dawa na kile kisima kilichooza, na ndani ya mvumo ule sauti ya mtoto ikaanza kuita, baba, baba, nasikia baridi, baba, tumefika, baba, ikisogea kutoka tundu la kushoto kwenda la kulia, ikipita nyuma ya kiti cha Kipriani na kurudi tena mbele, huku Abubakary akilegeza mguu kwenye mafuta na gari likipunguza mwendo lenyewe, kidogo kidogo, kuelekea palepale aliposimama siku ile.

"Usisimame!" Kipriani alinong'ona. "Baba Asmaa, kwa jina la Mungu, usisimame."

"Ananiita."

"Endesha," Mwamina alisema huku akilia. "Endesha, mume wangu."

Aliendesha. Feni haikunyamaza mpaka walipoziona nyumba za Ruangwa.

Mwanaima alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye miwani, anashona sare za shule kwenye baraza yake. Aliwasikiliza huku akikanyaga charahani, na aliacha kukanyaga mara moja tu, pale Abubakary alipotaja bonde. Akavua miwani.

"Ulilia pale?"

"Nililia mpaka sauti ikakauka."

"Ndiyo. Kuna viumbe havina kwao. Vikisikia kilio kikubwa hukifuata, vikaingia, vikala. Huyo anakula machozi yako, baba. Siku machozi yakiisha, atakula kilichobaki."

"Ni sauti ya mwanangu. Naijua."

"Sauti ndiyo. Umemfundisha wewe mwenyewe. Ulimwambia alichosema mtoto, naye akakurudishia." Alisimama, akachukua chetezo na ubani. "Twende kwenye gari. Muulize kitu cha nyumbani, kitu ambacho hujawahi kukitaja humo ndani hata siku moja. Akikijibu, mimi nitarudi kwenye sare zangu, nawe utakaa na mwanao."

Abubakary aliingia akakaa kwenye usukani. Milango yote ilikuwa wazi, jua limeshatoka, watoto wa jirani wanacheza rede ng'ambo ya pili. Feni ilianza mara moja, na vuguvugu lake likawafikia mpaka waliosimama nje.

"Asmaa," alisema. "Kile kifaranga chako chekundu, ulikiita nani?"

Feni ilizunguka. "Baba, nasikia baridi."

"Najua, mama. Kifaranga chako. Kile ulichokilaza kwenye kiatu changu. Jina lake nani?"

"Baba, tumefika?"

"Asmaa, niambie jina lake tu. Nakuomba. Jina lake tu."

Mvumo ulikata. Kisha kwenye matundu ya dashibodi ikatoka sauti ya mwanaume mzima, nzito, iliyochoka kwa kilio. "Nisamehe mwanangu. Nilisimama. Nisamehe. Nilisimama."

Ilikuwa sauti ya Abubakary mwenyewe.

Mwamina alipiga ukelele akaziba mdomo kwa kanga. Mwanaima alikuwa amekwisha kuanza kusoma, aya baada ya aya, moshi wa ubani ukiingia kupitia mlango wa nyuma, na katikati ya kisomo akamwambia Abubakary, "Mimi nitamfungulia njia. Lakini wewe ndiye uliyemkaribisha, wewe umuage."

Feni ikavuma kuliko mwanzo, vioo vikatetemeka, na sauti ya mtoto ikarudi, sasa inalia kweli kama anayenyang'anywa shuka, "Baba, baridi! Baba, usiniache!" Mikono ya Abubakary ilikwenda yenyewe kwenye matundu, viganja vikafunguka kama mtu anayeota moto. Alikaa hivyo. Machozi yalimdondoka kwenye mapaja. Halafu akairudisha mikono, akaishika pamoja.

"Wewe siyo mwanangu," alisema. "Mwanangu nilimzika kwa mikono yangu. Hasikii baridi tena. Toka."

Ikazima. Harufu ya nazi ilikwenda kwanza, kisha ya dawa, na ile ya kisima ikapita kati yao kama mtu anayejipenyeza, ikaelekea barabarani. Mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza.

Kipriani aliingia akafungua skrubu tatu, akaivuta mota. Kwenye kasha la feni, mahali ambapo mvua haiwezi kufika, kulikuwa na maji yamejaa mpaka ukingoni. Mwanaima alichovya kidole, akakigusisha ulimini.

"Chumvi," alisema. Akayachota, akayamwaga mbali, kwenye mchanga, akaichukua mota ile na hakuwaambia ataifanyia nini.

Walirudi bila feni, na tundu jeusi chini ya dashibodi. Bondeni hapakuwa na chochote, ni kijito tu na majani. Walipokwisha kupita, Mwamina alisema bila kumwangalia mumewe.

"Na mimi nilikuwa nakaa humu."

Abubakary aligeuka.

"Asubuhi, kabla ya kwenda shule. Ukiwa dukani kwako. Wewe ulikuwa naye siku ile. Mimi sikuwepo. Hujawahi kuniambia alisema nini mwishoni, nami niliogopa kukuuliza. Nikawa nakuja kusikiliza hapa. Nilijua siyo yeye, baba Asmaa. Nilijua tangu siku ya kwanza, na bado nilikuja. Ndiyo maana nilitaka fundi aiue."

Kipriani aligeuzia uso dirishani, akatamani asingekuwemo.

Abubakary alirudisha macho barabarani.

"Kuna neno sikulisema humu kamwe," alisema mwishowe. "Sikuweza. Tulipokuwa tunaondoka Ruangwa, giza bado, nilimfunika, akaniuliza kama utakuwa umeamka tukifika."

Mwamina aliweka kiganja kwenye kioo cha pembeni, akakiacha hapo.

"Nilikuwa nimeamka," alisema. "Tangu saa kumi usiku nilikuwa nimekaa mlangoni."