Mita Moja Isiyokuwepo

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa anadeki wodi ya wazazi kwa mara ya tatu. Miguu ilimuuma. Akimwaga maji yalikimbilia pembe ileile, chini ya dirisha. Hakuhitaji hata kuangalia. Miaka tisa alikuwa anadeki sakafu hiyo hiyo.

Zamu ilipokwisha hakwenda kulala. Alikwenda kiwanjani kwao. Wifi yake, mdogo wa mume wake, alikuwa anamsubiri huko. Wifi anasomea kuchora majengo chuoni. Mwalimu wao alikuwa amewatuma kila mmoja akapime kiwanja kimoja.

"Wifi, umekuja au umeletwa?"

"Nimejiburuta. Fanya haraka. Nikikaa chini sinyanyuki tena."

Kiwanja kilishuka kutoka barabarani kwenda chini, kwa jirani. Kamba za fundi zilikuwa zimeshafungwa kwenye vigingi. Nyumba ingekaa kwa urefu, kufuata mteremko. Jumatatu wangeanza kuchimba msingi. Mama Pacha alikuwa anahesabu siku. Walikuwa wanne katika chumba kimoja cha kupanga, kitanda na jiko vimepeana mgongo.

Wifi akafungua karatasi ya kiwanja. "Urefu, mita ishirini na nne."

Mama Pacha akaangalia nyuma. Akapunguza sauti. "Ni ishirini na tano. Kaka yako alipima mwenyewe. Akaniambia nifunge mdomo, wasije wakaichukua."

"Wachukue nini?"

"Ile mita. Tumezidishiwa. Ndiyo ameipangia shimo la choo, kule chini kabisa."

Hakusema yote. Siku ile mume wake alicheka peke yake njia nzima. Yeye ni dereva wa lori, na kila alichonacho alikipata kwa kuvutana. Hiyo mita ilikuja yenyewe.

Wifi alikuwa anamtazama. "Alilaza futi kamba chini, juu ya nyasi?"

"Sasa alitaka aishike hewani?"

"Ndiyo."

"Wifi, usinitanie. Nimechoka."

"Sitanii. Karatasi inahesabu kama kiwanja ni meza, kimelala sawa. Kaka alipima pamoja na mteremko wenyewe. Ni kama kumpima mtu urefu kwa kupitisha futi juu ya kitambi."

"Basi kaka yako angekuwa mrefu kuliko mlingoti."

Wakacheka kidogo. Kisha wakapima. Mama Pacha alishika mwanzo wa futi kamba chini, kwenye jiwe la mpaka la juu. Wifi alishuka hatua chache, akainua futi mpaka usawa wa bega. Akainyoosha isiiname. Akaning'iniza jiwe kwa uzi, akaweka alama pale jiwe lilipogusa ardhi. Wakaanza tena kutoka kwenye alama hiyo. Walishuka hivyo kama watu wanaoshuka ngazi, mpaka jiwe la chini.

Ishirini na nne.

"Rudia," Mama Pacha akasema.

Wakarudia. Ishirini na nne.

"Fundi hajengi ukuta ukiwa umelala," wifi akasema. "Anajenga kwa pimamaji, kila kitu sawa. Ukipanga vitu vya mita ishirini na tano, hapa haviingii. Shimo la choo litaangukia kwa jirani."

Mama Pacha akakaa juu ya jiwe, ingawa alijua hatanyanyuka upesi. Akatazama kamba. Akatazama nyasi. Katikati ya kiwanja nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Vijiwe na vijiti vilikuwa vimerundikana pembeni.

"Maji yanapita hapa," akasema.

"Umejuaje?"

"Wifi, mimi nadeki. Maji nayajua yanapopenda kwenda. Hapa yanakatisha, yanatokea kule. Nyumba ya kaka yako imekaa katikati ya hayo maji."

Wifi akachora mshale kwenye daftari. "Mimi sikuona. Nilikimbilia kupima." Akachora na mshale wa jua la mchana, na mwingine wa upepo, ili harufu ya choo isiende jikoni. "Hii ndiyo kusoma kiwanja. Unapima, unaangalia, unauliza wanaokaa karibu. Nyumba unaichora mwisho."

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunaigeuza ilale ubavu, huku juu karibu na barabara. Choo kinakwenda pembe ile kavu. Lakini baraza itabaki nusu."

Mama Pacha akasugua miguu yake. Baraza ndiyo aliyokuwa anaiwaza kila anapotoka zamu. Kiti kimoja, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nusu inanitosha," akasema mwisho.

Fundi alipokuja hakufurahi. "Mzee alisema Jumatatu, na alisema hivi hivi."

"Mzee yuko barabarani wiki ya pili. Mimi niko hapa."

"Akirudi akanigombeza?"

"Atanigombeza mimi. Nimezoea."

Fundi akatazama daftari. Akashuka mpaka kwenye nyasi zilizolala, akazigusa kwa kiatu. Akarudi. "Kung'oa vigingi ni nusu saa. Kubomoa ukuta ni kilio. Leteni nyundo."

Jioni kamba mpya zilikuwa zimefungwa, zimelala ubavu.

Jumapili mvua ilinyesha mchana kutwa. Ilipopungua, Mama Pacha alikwenda peke yake, amejifunika mfuko wa nailoni. Maji ya matope yalikuwa yanapita pale pale aliposema. Yangeingia chumba cha watoto na kutokea jikoni. Ndani ya kamba mpya ardhi ilikuwa na unyevu tu. Angeweza kutandika mkeka.

Akapiga picha mbili, ya maji na ya kamba, akamtumia mume wake. Akaandika: "Baba Pacha, nimegeuza nyumba. Angalia maji."

Akasimama pale. Kulikuwa na neno lingine, na hakutaka mume wake alisikie kwa fundi. Akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Na ile mita haipo. Tulipima mara mbili. Pole, mume wangu."

Ujumbe ukaenda. Baada ya muda alama zikageuka rangi. Ameusoma.

Akasubiri jibu mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe.