Kusafisha Bustani ya Babu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Chapuchapu alifagia uwanja mpaka lisibaki hata jani moja. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu msichana huyo hakujua kufanya jambo polepole.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ya babu, aliyefariki mwaka uliopita. Babu hakupanda maua ya kununua. Alipanda mimea ya asili ya vilima vya kwao, aliyoileta mmoja mmoja kabla mashamba hayajaimaliza. Bibi ndiye aliyeitunza, lakini sasa goti lilimsumbua.

"Mjukuu wangu, hebu kanisafishie bustani ya babu yako," alisema.

Kusafisha! Kazi hiyo Chapuchapu aliijua. Kilikuwa kiangazi, naye alikuta vijiti vikavu na majani makavu tele. Akang'oa vyote, akavitupa jalalani, akafagia.

Bibi alikuja na mkongojo wake. Akaduwaa, kisha akaketi chini na kulia.

"Jamani, nani kafanya haya?"

Chapuchapu aliingiwa na hofu. "Mbuzi wa jirani, Bibi."

Uongo gani huo! Tangu lini mbuzi akafagia? Lakini machozi yalimzuia bibi kuona alama za ufagio. Jirani yao, fundi cherehani, akaitwa.

"Nisamehe, Mama," fundi alisema kwa aibu. "Mbuzi huyu namuuza leo hii hii."

Akamfunga mbuzi kamba. Kitoto chake, ambacho bado kilikuwa kikinyonya, kikamfuata nyuma kikilia. Chapuchapu alishindwa kuvumilia.

"Si mbuzi! Ni mimi, Bibi. Nilidhani vimekufa."

Bibi hakumgombeza. "Umevitupa wapi?"

"Jalalani."

"Mungu wangu! Mama yako amekwenda kuchoma taka. Kimbia!"

Siku hiyo haraka yake ilifaa. Alimkuta mama ameshika kibiriti, akavikumbatia vijiti vyote na kurudi navyo. Bibi akakwangua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa kijani.

"Unaona? Vimelala tu, vinasubiri mvua. Na yale majani makavu ni blanketi la mizizi."

Walipanda upya hadi jioni, fundi naye akisaidia kuchimba. Mvua zilipofika, mimea mingi ilichipua. Lakini ule wa mwisho kupandwa na babu, karibu na dirisha lake, haukuchipua. Chapuchapu aliinama mbele yake akalia kwa uchungu. Bibi akamshika bega.

"Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu. Ungeuliza, usingeng'oa. Huu hautarudi tena, na moyo wangu unauma. Ila hii mingine imerudi kwa sababu ulisema kweli mapema. Ungechelewa kidogo tu, leo tungekuwa tunatazama majivu."