Kelele na Nyundo

"Mama, huo ni muziki au kuna watu wanabomoa nyumba?" binti yake aliuliza kwenye simu.

"Ni muziki. Subiri nipunguze."

Mshona mapazia alizima cherehani kwanza, kisha akapunguza sauti ya spika. Ilikuwa albamu ya hevi metali, muziki wa magitaa makali na ngoma nzito, aliyoipenda ujanani. Tangu mume wake afariki na binti yake aolewe mbali, nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Siku hiyo aliitafuta mtandaoni, akaipata.

"Nani alikufundisha makelele haya? Baba?"

"Baba yako alipenda taarifa ya habari tu. Ni mtu wa kabla yake. Alikuwa mpiga ngoma wa bendi yetu ya mtaani, tukimwita Nyundo. Mimi aliniita Kelele."

Binti alicheka, kisha akauliza taratibu, "Mliachana kwa nini?"

"Alipotea. Nilipokwenda kwao, dada yake alinipokea mlangoni, akaniambia kaka ameoa. Nikarudi nyumbani."

"Mtafute, Mama. Ujue tu kama yupo."

Namba aliipata kwa mpiga gitaa wa zamani. Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakatwa. Kisha ukaingia ujumbe.

"Usipige. Andika. Wewe nani?"

"Kelele."

Alikuwa ameanza kujutia jibu lilipoingia.

"Kelele wangu?"

"Mke wako asije akasoma hayo."

"Sina mke. Sijawahi kuoa."

Akaandika haraka: "Dada yako alisema umeoa."

"Mimi ndiye niliyemtuma aseme hivyo. Njoo nikueleze. Tafadhali."

Kwa maelekezo yake, alimkuta kwenye karakana ya kutengeneza viti, kichwa cheupe, akigongelea kitambaa kwenye kochi. Alimwita kwa jina lile la zamani. Hakugeuka. Akamwita tena kwa nguvu, bado. Alipomgusa bega, mwanamume alishtuka, akamtazama usoni, halafu midomoni.

"Ongea polepole," alisema. "Nasoma midomo. Masikio yaliniacha zamani."

"Tangu lini?"

"Tulipokuwa pamoja. Niliugua, yakaanza kufifia. Siku moja ulikuwa unaniimbia, nikaona mdomo unacheza tu. Sikukwambia. Nilitabasamu kama mjinga."

"Kwa hiyo ukaoa mke wa uongo."

"Nilidhani ungebaki kwa kunihurumia."

"Uliniuliza?"

Mwanamume aliiweka misumari mezani. Machozi yalikuwa yanamtoka mama wa watu bila sauti.

"Nililia mwaka mzima, Nyundo. Nikaolewa na mtu mwema nikiamini wewe umenidharau. Uliniamulia maisha yangu, kisha ukajifungia humu peke yako. Nani kafaidika?"

"Hakuna," alisema. "Nisamehe."

Hakumwambia amemsamehe. Alitoa spika kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza ya mbao, akafungulia albamu ile mpaka misumari ikaanza kurukaruka. Akamshika mikono, akaiweka juu ya meza.

Nyundo alifumba macho. Kidole kimoja kikaanza kugonga, kisha vyote.

"Wimbo wa pili," alisema. "Hapa ngoma inamkimbiza mwenye gitaa."

Ndivyo ilivyokuwa. Wakasikiliza hivyo mpaka mwisho, yeye kwa masikio, mwenzake kwa viganja.

"Sitakuahidi kitu leo," alimwambia wakati wa kuondoka. "Bado nina hasira."

"Njoo nayo hiyo hiyo hasira. Hapa haji mtu."

Alikwenda nayo wiki baada ya wiki, mpaka siku moja akajikuta ameisahau. Walifunga ndoa bila shamrashamra. Binti alikuja, akampa baba yake mpya shikamoo kwa kutamka taratibu, neno kwa neno, aone midomo.

Siku ya kwanza ya ndoa yao majirani waligonga mlango. Mke akakimbilia spika.

"Wanalalamika, mume wangu. Nipunguze?"

"Waambie waje waongee na mimi," Nyundo alisema, mikono ikiwa bado juu ya meza. "Mimi sisikii kelele yoyote."