Jibu la Bwana Harusi

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mvua ya rasharasha ikilowesha mabati ya soko la Chuno, Erasto, karani wa bandari, alisimama kwa fundi cherehani akisubiri suruali yake. Mbele yake Mwalimu Raheli, gauni la kitenge cha manjano, viatu mkononi kwa kuogopa tope, alikagua mavazi ya wanafunzi wake waigizaji huku akiimba taratibu.

Erasto alishtuka. Wimbo ule ulitoka katika *Arusi ya Msimbati*, mchezo wa nyimbo ulioigizwa mara moja tu, mwaka 2006, katika shule yake ya bweni ya wavulana. Yeye aliigiza bwana harusi. Raheli aliimba sehemu ya bibi harusi, akanyamaza palepale wimbo ulipokatikia siku ile.

“Dada, wimbo huo umeupata wapi?”

“Kwani wako, kaka? Una hati?”

Walipeana namba, na kwa wiki tatu walitembea pamoja ufukweni Shangani kila jioni.

“Michezo ya nyimbo nimeiona mingi,” Raheli alisema, “lakini ule ndio haunitoki.”

“Kwa nini? Maneno yake ya kawaida tu.”

“Sauti inapanda ngazi tatu, inabisha hodi, haijibiwi. Sikio halipumziki, mpenzi.”

“Nani alikufundisha?”

“Mwanamume aliyenipenda kabla yako.” Akacheka.

Erasto hakucheka. Sehemu ile aliiimba mtu mmoja tu: Lukasi, mwanafunzi aliyeigiza bibi harusi. Siku nne hakupokea simu za Raheli, wala hakujua amkasirikie nani. Siku ya tano alipokea.

“Lukasi ni nani kwako?”

“Kaka yangu, tumbo moja! Siku ile alitoka nje ya geti bila ruhusa kunipokea mimi, mtoto wa miaka kumi na mbili. Nawe, kiranja mkuu, alipokuimbia mbele ya watu wote, ukamwadhibu kwa kushuka jukwaani bila kumjibu.”

“Alivunja sheria.”

“Alivunja. Mpaka leo anakudai jibu.”

“Ulijua kuwa ni mimi?”

“Tangu kwa fundi. Ulivyouliza! Kama unakagua bweni.”

Erasto alikata simu, amechanganyikiwa. Sheria ilikuwa upande wake; mbona aliona aibu?

Jumapili jioni, Shangani imejaa watu, alimpigia Lukasi kwa namba aliyopewa na Raheli, aliyesimama pembeni.

“Luka, ulikosa, na siondoi neno. Ila kuadhibu ilikuwa kazi ya mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kuimba.”

Akakaza shingo kama yuko gwaride, akaimba, wapita njia wakigeuka:

*Hodi yako nimesikia,*
*mlango wangu nafungua.*

Lukasi akakohoa upande wa pili.

“Sauti imekwisha, Kiranja. Lakini umelipa. Sikudai tena.”

Erasto alimgeukia Raheli, macho yamelowa, asijue kwa nini.

“Nami nikibisha hodi kwenu?”

“Njoo na wazee wako Jumamosi,” Raheli alijibu papo hapo. “Kwetu hatumwachi mtu mlangoni.”