Muosha Mawe wa Mboko

Soko la Baraka, kando ya ziwa, lilikuwa limefurika asubuhi ile ya mwaka 2002. Mitumbwi ilikuwa imeshusha ndagala, dagaa wa ziwa lile, wanawake wanasukumana kwa mabeseni, na Dorothée, ndani ya kitenge kipya cha manjano chenye picha za ndege, alikuwa amewachekesha wavuvi wote. Alitaka samaki wadogo, walio hai, wa kutazama.

"Wa kutazama?" mvuvi mmoja akamuuliza. "Mama, siye tunabakulaka."

Kijana mmoja hakucheka. Kaptula yake ilikuwa imelowa na shati lake limebakiwa na vifungo viwili. Alichungulia beseni la Dorothée, ambamo samaki wawili wenye milia walikuwa wamejibana ukingoni.

"Hawa batakufa na njaa," alisema. "Samaki ya majiwe hakulaka kama hana pa kujificha."

"We ni munganga ya samaki?"

"Mi ni Jérémie wa Mboko. Mbele ya vita kuanza nilikuwa nabazamia, Bazungu banabanunua."

"Basi kuja uone kioo yangu, munganga."

Kioo, sanduku la kufugia samaki, kilikuwa cha marehemu baba yake. Dorothée na jamaa zake walipokimbilia Kigoma wakati wa vita waliacha nyumba nzima, na waliporudi hapakuwa na mlango, bati wala kitanda. Sanduku la kioo tu ndilo lililosalia, kwa sababu waporaji hawakujua ni la kazi gani. Sasa lilikaa katika mgahawa mdogo wa Dorothée, naye alilipenda kuliko kitu chochote kilichowahi kuwa chao.

Jérémie alikuja kesho yake, na keshokutwa, na kila siku alikuwa na sababu ya samaki. Alikula fufu, ugali wa muhogo, na ndagala polepole sana. Dorothée alimcheka, akamwongezea mboga, na kabla mwezi haujaisha alikuwa anampenda.

"Nitakufanyia majiwe, chérie," alimwambia. Alikuwa ameokota masanduku meupe ya frigolite, lile povu gumu na jepesi, yale ya kubebea chanjo. "Nitachonga, nipakae simenti, ikuwe kama ukuta ya majiwe ya kwetu. Simenti ya kaka iko Mboko. Wiki moja tu."

"Samaki bakikula, nitakubali unioe," alisema Dorothée, akageuka haraka asionekane uso.

Wiki moja ikaisha, na ya pili. Barabara ilifungwa na askari, ikafunguliwa, Jérémie hakuja. Tantine Georgette, shangazi aliyemlea Dorothée, hakupoteza muda. Fabien, mfanyabiashara wa Uvira, alikuwa ameomba mara mbili kumuoa, na sasa tantine akawaalika wazee wa Fabien waje kuposa Jumapili. Dorothée akaenda kwenye phonie ya sokoni, ile redio ambayo ukizungumza ziwa zima linakusikia, na ukimaliza unasema "parlez" ili mwenzako ajibu.

"Mama Anastasie, Jérémie iko wapi? Parlez."

Sauti ya mama yake Jérémie ilikuja ikikwaruza. "Iko ku mutoni. Anaosha majiwe. Parlez."

"Majiwe gani ya kuosha? Tangu siku gani? Parlez."

"Leo ni siku ya kumi na mbili, mwanangu. Parlez."

Foleni nzima ikajikaza isicheke. Dorothée aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mtu akikuchoka, si aseme tu?

"Mumwambie aendelee kuosha. Mi naposwa Jumapili. Parlez."

Jumamosi adhuhuri kelele zilisikika kutoka ufukweni. Jérémie alikuwa anapanda njia, amebeba jabali kubwa kama dirisha, kwa mkono mmoja. Watoto walimkimbia, wazee walimpisha. Tantine Georgette akasimama mlangoni pa mgahawa na mwiko.

"Huyu amekunywa dawa gani?" aliuliza.

Jérémie aliliweka chini mbele ya Dorothée. Lilikuwa na nyufa, mapango na rangi ya mawe ya Mboko yenyewe.

"Simenti mupya inachomaka maji," alisema. "Nilijaribu na samaki batatu, bakakufa. Nikaiweka mu mutoni, kila siku naiosha, mpaka samaki akalala ndani akaamuka. Ningekuletea mbio, ungebazika hawa wako. Dorothée, mi sikukuchoka hata siku moja."

Dorothée akamwongoza hadi kwenye kioo. Alishika upande mmoja wa lile jabali, wakalizamisha pamoja. Walipoachia, frigolite ikaruka juu kama mtu aliyekanyaga siafu, na ndoo nzima ya maji ikammwagikia tantine Georgette.

Tantine akajipangusa uso kwa kitenge, akaingia jikoni, akarudi na jiwe lake la kusagia pilipili.

"Nimeliosha mara tatu," alisema. "Tia mu pango ya chini. Lishike."

Likashika. Samaki wawili wakapotelea ndani ya mapango, na watu wote mgahawani wakaacha kula. Dorothée alidondosha chembe za ndagala. Baada ya muda mrefu pua moja ikachungulia, kisha samaki akatoka, rangi zake zimemrudia zote, akala.

"Tantine," Dorothée alisema, huku akilia na kucheka, "kesho bageni ya Fabien tubapikie muzuri. Bakule, baone samaki, barudi kwao na heshima."

Akamshika Jérémie mkono mpaka kwenye phonie.

"Mama Anastasie, mutoto wako amemaliza kuosha majiwe. Mutume bazee. Parlez."

Kabla mama hajajibu, sauti zilianza kuingia kutoka Uvira, kutoka Fizi, kutoka Kigoma ng'ambo ya ziwa, watu ambao hawakuwahi kuwaona, moja baada ya nyingine, zikijibu kwamba zimesikia: "Bien reçu."