Vipimo Kutoka Brisbane

Hénock aliona mlango wa basi ukibana upindo wa gauni la dada mmoja aliyekuwa anashuka. Basi likaondoka, kitambaa kikachanika chraa, na dada akabaki kituoni Braamfontein kati ya wanafunzi na watu wa ofisini, ameshika pande mbili za gauni la kahawia, miguu wazi kwenye baridi ya Julai.

"Simama hapo hapo, dada." Alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mtu wa kutembea na sindano yenye uzi kwenye ukosi wa koti. Akapiga goti palepale.

"We kaka! Mama yangu anasema nguo haishonwi mwilini. Inamfunga mtu."

"Bon, nifungue?"

Dada akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Hénock.

Jina lake lilikuwa Melania. Baba yake alikuwa mtu wa Soweto aliyewahi kuishi uhamishoni Morogoro, na mama yake alitoka hukohuko Morogoro. Tangu siku hiyo nguo zake zote zilishonwa kwa Hénock, katika chumba kimoja Doornfontein chenye cherehani mbili na dirisha linalotazama ukuta. Kila gauni alimpima upya, na kila mara alijitia kusahau namba.

"Si ulinipima juzi?"

"Juzi hukuwa umekula. Geuka, chérie."

"Eish, fundi gani huyu asiyeiamini futikamba yake!"

Wakala kiapo cha kitoto, kwamba hakuna mkono mwingine utakaompima Melania. Kwa fundi hilo si jambo dogo. Hénock akanunua satini nyeupe, akaificha chini ya meza na hakumwambia.

Mwaka ukazunguka. Asubuhi moja ya Julai, Melania akaja amevaa gauni jipya la kitenge cha bluu. Kabla ya kumtazama usoni, Hénock alitazama kwapani. Mshono ulikuwa wa uzi mnene, na haukuwa wake.

"Nani alikupima?"

"Nimenunua tu dukani."

"Mi niko fundi. Hii haikutoka dukani. Nani?"

Machozi yalimlengalenga Melania. "Leo siwezi kukuambia. Niamini, mpenzi."

"Kuna mwanaume."

"Hénock!"

"Basi enda kwake. Akushonee na sanda."

Maji yakimwagika hayazoleki. Melania akashuka ngazi bila kuaga.

Siku nne simu yake ilikuwa imezimwa. Siku ya tano, saa nne asubuhi, simu ya Hénock ikaita, namba ndefu ya ugenini.

"Fundi wangu. Niko Brisbane."

"Wapi?"

"Australia, kwa dada Happyness. Amejifungua, nimekuja kumsaidia miezi mitatu." Alikuwa anaongea haraka. "Mama aliniapisha nisimwambie mtu mpaka ndege iruke. Unajua watu na macho yao. Hili gauni la safari nikalipeleka kwa mama mmoja Hillbrow, maana wewe ungeniuliza la nini."

Hénock aliijua desturi hiyo. Nusu ya wateja wake huaga wakiwa wameshafika. Kilichomchoma kilikuwa kingine.

"Kumbe mimi ni mtu. Kama watu wote."

"Nilikaribia kuvunja kiapo cha mama, nikaja kukuaga, ukanitajia sanda."

Hénock aliomba radhi kwa Kiswahili, akaomba kwa Kifaransa, mwisho akalia na mteja akimtazama.

Wakapatana. Tangu hapo Melania alipiga kila siku saa nne, kwake ikiwa jioni, na kumwagia Hénock jua masikioni. Leo amepanda feri kufuata mto unavyojipinda katikati ya mji. Leo amembeba mtoto kando ya mto, na watu wamelala nyasini simu zikiwa vifuani, hakuna anayegeuka kutazama nyuma. Hata mijakaranda ipo. Hénock alisikiliza amevaa koti ndani ya nyumba, na kila sifa ya mji ule ilimpunguzia usingizi.

Oktoba ikafika.

"Kuna chuo kimenikubali," Melania akasema polepole. "Kozi ya kutunza wazee, miaka miwili. Huko chekechea niliyokuwa nafundisha imefungwa, unajua nilivyohangaika. Ungekuja huku..."

"Karatasi yangu ya ukimbizi haivuki mpaka, chérie."

"Basi niamulie wewe. Ukisema nirudi, narudi Jumamosi."

Neno "rudi" lilikuwa limeshafika mdomoni. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akautazama ule ukuta wa dirishani, akamkumbuka Melania akizunguka mji na bahasha ya vyeti, akirudi jioni bila kazi na kujichekesha ili yeye asione.

"Soma," akasema.

Akavuta chaki karibu.

"Na mwambie Happyness achukue futikamba, akupime."

"Ulisema hakuna mkono mwingine."

"Nilisema ujinga. Niko na satini nyeupe chini ya meza tangu mwaka jana. Nilitaka kukuuliza Noeli, nakuuliza sasa. Utakubali nikuoe?"

"Happyness!" Melania alipiga kelele huku analia. "Jamani, leta futikamba!"

Namba zikaja moja moja kwa sauti ya dada mtu: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Hénock akaziandika kwa chaki mezani. Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi moja. Mji ule ulikuwa umempokea vizuri.

"Mama alisema kweli," Melania akanong'ona. "Siku ile ulinifunga."

"Nifungue?"

"Usithubutu."

Simu ilipokatika akatandaza satini, akashika mkasi. Kwa kawaida huacha nusu inchi ya kitambaa ndani ya mshono. Safari hii aliacha inchi mbili kila upande, maana hakujua Melania angekuja kulivaa gauni hilo mwaka gani.